Toleo kubwa la programu ya takwimu maana yake nini? Mfano wa R 4.0.0

Programu ikitoka 3.6.3 ikarukia 4.0.0 usiichukulie kama apdeti za kila siku. Namba ya kwanza ikibadilika ujue watengenezaji wamegusa hata mambo ya zamani ambayo kazi zako zinayategemea, hiyo ndo maana ya toleo kubwa, vitu vipya ni nyongeza tu.

R 4.0.0 ilitoka tarehe 24 Aprili 2020. Ilikuja na rangi mpya za grafu na namna rahisi ya kuandika maneno yenye alama za ajabu ajabu, sawa, ila kilichotikisa maofisi ni stringsAsFactors, mpangilio unaoamua kama maneno yageuzwe kuwa makundi. Zamani ukisoma faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi), safu yenye maneno R ilikuwa inaigeuza yenyewe kuwa makundi, kila kundi na namba yake ya siri. Sasa chukua safu ya mauzo yenye 5000, 12000, 300 halafu mtu kaandika "hakuna" sehemu moja, safu nzima inahesabika ni maneno, ukiigeuza iwe namba unapewa 3, 1, 2, 4, yaani namba za makundi sio hela, na wala hupati onyo lolote! Toleo la 4 linaacha maneno yabaki maneno, ukigeuza unapata hela zako na pale kwenye "hakuna" linaweka NA (alama ya data inayokosekana) na kukuonya. Kwa kweli hili lilichelewa sana.

Lakini kampuni yenye skripti (mafaili ya amri za R) za miaka mingi ndo inaumia hapa. Tuseme ripoti ya benki inazunguka tawi kwa tawi kwa kutumia levels (amri inayotoa orodha ya makundi ya safu), kwenye toleo jipya levels ya safu ya maneno ni NULL, yaani hakuna kitu, kwahiyo mzunguko haufanyi kitu, skripti inamaliza salama na ripoti inatoka tupu. Hakuna kosa linaloonekana, na hilo ndo linanitia hofu kuliko skripti inayogoma kabisa.

Halafu pakeji zote (nyongeza za R) lazima uziinstoli upya. Kwahiyo msihame siku moja, wekeni matoleo yote mawili kwenye seva, pitisheni data ileile kote kote mlinganishe majibu, tumieni pakeji iitwayo renv kufunga matoleo ya pakeji zenu yasibadilike, na anzeni na skripti zenye levels na read.csv (amri ya kusoma CSV).