Je, wajua kwa nini bibi huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba zamani watu hawakuzeeka. Nilisoma kuwa Wahadzabe, wawindaji na wachimba mizizi wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi hadi Munguli mkoani Singida, wastani wao wa kuishi ulikadiriwa kuwa miaka 33 hivi. Nikajua basi, kwao bibi ni wa kutafuta. Nilikosea, na kosa hilo bado nalisikia kwa wengi.

Wastani unaweza kudanganya. Tazama mvua: Dodoma hupata milimita 570 hivi kwa mwaka. Gawanya kwa miezi 12, unapata karibu 48 kila mwezi. Sasa njoo Agosti uitafute hiyo 48: utakuta vumbi, maana karibu mvua yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Vifo navyo hurundikana upande mmoja, utotoni. Mtoto mmoja akifariki na miezi 6, mwenzake akafariki na miaka 66, wastani wao ni kama miaka 33, na hakuna aliyefariki akiwa na umri huo. Kwa Wahadzabe, karibu nusu ya watoto hawakufika miaka 15. Lakini mwanamke aliyefika 45 aliweza kutarajia miaka 20 mingine.

Na miaka hiyo 20 haikuwa ya kukaa kivulini! Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake, waliofanya utafiti huko kuanzia miaka ya 1980, waliwakuta bibi wakichimba mizizi kwa saa nyingi, kwa mti uliochongwa ncha. Mizizi mingine imejificha chini sana, katikati ya mawe, mtoto mdogo haiwezi. Kwa kawaida uzito wa mtoto ulifuata juhudi za mama yake. Mama akijifungua tena, uchimbaji wake ulipungua, na uzito wa yule aliyeachishwa ziwa ukaanza kufuata juhudi za bibi.

Hapa kwetu tunalijua jambo hilo hata bila mizani. Jirani yangu alipojifungua mara ya pili, kifungua mimba wake alihamia kwa bibi, akawa analishwa ugali wa uwele kwa mlenda, kila tonge likipozwa kwanza kiganjani.

Hoja ya Hawkes ni kwamba umri wa kukoma kuzaa haukusogea sana katika historia ya binadamu. Kilichorefuka ni maisha baada ya hapo, kwa sababu bibi waliobaki na nguvu walisaidia wajukuu wengi zaidi kuishi, na wajukuu hao wakarithi maisha marefu. Kwangu ni hoja nzuri mno, ila familia zilizopimwa zilikuwa chache, na vitu viwili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba kimoja ndicho kilicholeta kingine. Tena baba naye yumo: Frank Marlowe, aliyewachunguza Wahadzabe haohao, aliona wanaume wakileta chakula kingi zaidi wake zao wanapokuwa na kichanga.