Magari ya siku hizi si mepesi kama watu wanavyodhani

Ukibonyeza bampa kwa kidole likabonyea, ni rahisi kuamini kwamba gari jipya ni plastiki tupu na la zamani ndilo lilikuwa chuma. Mizani inakataa. Volkswagen Golf ya mwaka 1974 haikufika kilo 900. Ya leo inapita 1,200. Bampa ni kifuniko tu. Uzito uko ndani: chuma kigumu cha nguzo za paa, mihimili iliyofichwa milangoni, mifuko ya hewa, nyaya, vizuia kelele.

Pua ya gari ndiyo inayoachwa ijikunje, tena makusudi, imalize nguvu ya mgongano kabla haijawafikia abiria. Mwaka 2009 huko Marekani, Chevrolet Bel Air ya 1959 iligonganishwa na Chevrolet Malibu ya 2009 kwa kilomita 64 kwa saa. Sehemu ya dereva iliyoporomoka ni ya Bel Air, lile "chuma".

Ukinunua gari lililotumika, mwambie fundi avue bampa la mbele, atazame mihimili miwili iliyo nyuma yake, ile inayojikunja pua ikigongwa. Mikunjo ya upande mmoja tu, rangi iliyoungua au weldi isiyo ya kiwandani huonyesha kuwa limegongwa na kunyooshwa kwa moto. Chuma cha mihimili hiyo kikipashwa moto hupoteza nguvu, na gari likigongwa tena halitajikunja palipopangwa.