Kuficha jina la Wi-Fi hakukulindi

Naulizwa tena na tena: "Fundi, nimeficha jina la Wi-Fi, si niko salama?" Hapana. Ukilificha, ruta inaacha kulitaja kwenye matangazo yake, basi. Simu yako ikiunga, jina linapita hewani waziwazi, na programu ya bure kwenye laptopu inalidaka. Tena simu iliyozoea mtandao uliofichwa huuita kwa jina kila uendako: kwenye daladala, kazini, hospitalini.

Kuchuja kwa anwani za MAC, yaani kuruhusu tu vifaa ambavyo namba zao za utambulisho umeziorodhesha kwenye ruta, ni yaleyale. Anwani hiyo iko wazi kwenye kila pakiti ya data, hata chini ya WPA2 (mfumo unaofunga Wi-Fi kwa nenosiri), na kuiiga ni kazi ya dakika moja. Na tangu Android 10 na iOS 14 simu hujibunia anwani kwa kila mtandao, kwa hiyo ile uliyonakili kwenye kasha la simu siyo inayotumika. Anayefungiwa nje ni mwenye nyumba.

Kinachokulinda ni nenosiri, nanyi mnaweka namba ya simu! Tupige hesabu. Mwizi hakai mlangoni kwako akibahatisha. Kwenye WPA2 anadaka salamu ambazo simu na ruta hupeana zikiungana, anaondoka nazo, anajaribia kwake. Namba inayoanza na 07 imebakiza tarakimu 8, yaani michanganyiko milioni 100. Kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, ile ya magemu, hujaribu zaidi ya laki nne kwa sekunde: kama dakika nne, kwisha. Fungua kamusi bila kutazama mara tano, uunge maneno hayo matano. Nafasi ipo: nenosiri hubeba hadi herufi 63.

Mengine haraka. Ingia kwenye mipangilio ya ruta kwa kuandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari, kibandiko cha ruta kitakuambia ni ipi; nenosiri la kiwandani kama "admin" lisibaki. Zima WPS, ile njia ya kuunga kifaa kwa kitufe au PIN: PIN yake ya tarakimu 8 hukaguliwa vipande viwili, hivyo majaribio 11,000 yanaimaliza. WEP, ulinzi wa zamani wa Wi-Fi, ilivunjwa 2001, usiiguse. Chagua WPA2 yenye AES, maana TKIP, njia nyingine ya kusimba data, ni dhaifu na inashusha spidi hadi 54 Mbps.

WPA3, mrithi wa WPA2, inazuia ule ubahatishaji wa nyumbani kwa mwizi, ila televisheni na printa za zamani huikataa. Ule mchanganyiko wa WPA2/WPA3, unaokubali zote mbili, naupendekeza kwa shingo upande: kifaa kinachoingia kwa WPA2, salamu zake bado zinadakika. Kama vifaa vyote ni vipya, weka WPA3 peke yake. Televisheni ikigoma, ipe mtandao wa wageni wenye WPA2 na nenosiri lake, ikiwa ruta inaruhusu; ujue tu kwamba mara nyingi simu haitaweza tena kuirushia picha.