Gazeti la darasa: yale tunayoambiana staffroom na ukweli wake

Nafundisha Kiswahili S1 na S2, yaani kidato cha kwanza na cha pili, huku West Nile, Uganda, na kila nikimwambia mwalimu mwenzangu hebu anzisha gazeti na darasa lako napewa majibu yaleyale, karibu yote si kweli. Wacha niyataje.

"Hatuna kompyuta wala printa." Sawa, hata sisi hatuna za kutosha. Gazeti letu la kwanza lilikuwa karatasi moja kubwa ya manila, kalamu za rangi na gundi, likabandikwa ukutani karibu na mlango na watu wakalisoma wakiwa wamesimama. Kuna mwalimu mmoja Mfaransa, Célestin Freinet, miaka ya 1920 aliweka mashine ndogo ya kupigia chapa darasani kijijini Bar-sur-Loup, watoto wakawa wanapanga herufi moja moja kwa mkono. Watu wanakumbuka ile mashine tu, lakini kazi yenyewe ilikuwa kwamba watoto waliandika mambo ya maisha yao wakayatuma kwa watoto wa shule nyingine, na hilo linawezekana hata kwa bic. Ukitaka nakala za kugawa, karatasi moja ya A3 ukiikunja katikati unapata kurasa 4, ila wakunje kwanza karatasi tupu na kuandika namba, maana ukurasa wa 1 na wa 4 unakaa upande mmoja, na hapo wengi wanachanganyikiwa.

"Itatuchelewesha silabasi." Mtaala mpya wa sekondari ulioanza na S1 mwaka 2020 unataka miradi na umahiri, na Kiswahili ni lazima S1 na S2. Gazeti ndio mradi wenyewe jamani.

Sasa hii ndiyo inaniuma zaidi: "Habari ni insha fupi." Hapana kabisa. Insha tumewafundisha utangulizi, kiini, hitimisho, kwa hiyo mtoto akitumwa aandike kuhusu pampu ya kisima cha shule anaanza na maji ni uhai, anaendelea na maji yanatumika kupika, kufua, kuoga, na pampu yenyewe iliyoharibika unaikuta aya ya nne. Habari inaanza na jambo lenyewe: "Pampu ya kisima cha shule imeharibika tangu Jumatatu, wanafunzi wa bweni wanachota maji nje ya shule." Halafu ndio maelezo, la muhimu juu, la ziada chini, ili nafasi ikiisha mhariri akate chini bila kuharibu, na msomaji akiachia njiani awe ameshapata habari. Mimi nawaambia hivi, mwelezee mtu ambaye yuko tayari juu ya boda na injini imewashwa, utaanza na nini? Wanaelewa palepale. Maswali ni yale sita, nani, nini, lini, wapi, kwa nini, vipi, lakini mimi naongeza la saba ambalo naliona ni kubwa kuliko yote: umejuaje?

Hilo la saba ndilo linajibu na woga wa utawala, maana utasikia "hao watoto watatuletea matatizo kwa headmasta." Kijana wangu mmoja wa S2 aliandika kwamba posho, yaani ugali wa shule, imepungua kwa sababu mpishi anaiba. Nikamuuliza umejuaje, akasema kila mtu anasema. Sikumkatalia, nikamrudisha jikoni na stoo akaulize. Akarudi kimya kidogo: unga unapimwa kwa idadi ya wanafunzi wa muhula uliopita, na muhula huu wameongezeka wengi. Hiyo ndiyo habari tuliyochapa, headmasta akaisoma, hesabu ikarekebishwa, na mpishi wa watu hakuchafuliwa jina. Katiba yetu ya 1995, kifungu cha 29, inatoa uhuru wa kujieleza, lakini mtoto lazima ajue pia kwamba anayetuhumiwa anaulizwa kabla ya kuandikwa. Sisi tulikaa na headmasta kabla ya toleo la kwanza tukakubaliana, haandikwi mtu kwa jina kuhusu ada, mimba wala ugonjwa. Na wanaosema mambo mazito si ya vijana, gazeti la vijana la Straight Talk lilianza kuchapishwa hapa Uganda mwaka 1993 likijibu maswali yao kuhusu miili yao.

"Ni kazi ya wale wanaojua Kiswahili vizuri." Mtoto anayehangaika na ngeli anaweza kuwa ndiye anayeuliza maswali vizuri kuliko wote. Mmoja wangu anahoji wauza nyanya sokoni kwa Kilugbara, anaandika bei, kisha anakaa na mwenzake wanaweka kwa Kiswahili, ila maneno ya mama yule lazima arudi amsomee aulize, mama, ndivyo ulivyosema?

La mwisho, "mwalimu asahihishe kila kitu liwe safi." Ukifanya hivyo ni gazeti lako, wao wamekuwa makarani. Wawe wahariri wenyewe, wawili wawili, wewe angalia tu lisimuumize mtu. Makosa yatapita, ndiyo. Toleo letu la pili liliandika S2 wamefungwa netiboli 14 kwa 11 wakati wao ndio walioshinda, mabinti wakaja darasani wamefura, nikawaachia wahariri wapokee wenyewe. Wiki iliyofuata kulikuwa na kisanduku kimeandikwa "Tulikosea". Mimi ningekiweka ukurasa wa 4, wao wamekiweka ukurasa wa kwanza, juu kabisa.