Boma la Bagamoyo: Mahakama Isiyo na Ukumbi

Anayetafuta chumba cha mahakama ndani ya Boma la Bagamoyo, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1897 kuwa makao ya utawala wa wilaya, anatafuta kitu ambacho utawala ule haukukihitaji. Mkuu wa wilaya ndiye aliyekusanya kodi na ndiye aliyeamua kesi za Waafrika, akisaidiwa na maliwali na maakida, watawala wadogo waliokuwa chini yake, hata watu wakamwita bwana shauri. Wazungu walikuwa na mahakama zao, zenye majaji waliosomea sheria. Mimi ni msanifu majengo wa uhifadhi, na kwa macho yangu Boma zima lilikuwa mahakama: kingo za juu zimekatwa meno kama za ngome, na mbawa zake zinamzunguka aliyeitwa shaurini kabla hajafungua kinywa. Utaratibu huo haukuondoka na Wajerumani mwaka 1916. Maofisa wa wilaya wa Kiingereza nao waliketi kama mahakimu, na mahakama za wenyeji ziliingizwa katika mfumo mmoja na nyingine kwa sheria ya mwaka 1963 tu.

Sehemu ya jengo hilo iliporomoka kutokana na mvua za El Niño za 1997 na 1998, na hapo ndipo mafundi wanapaswa kutazama kwa makini. Majengo ya kale ya pwani yetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo na kuizima kwa maji. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu na kuutoa tena, mradi paa ni zima. Paa likipata ufa, maji hushuka katikati ya ukuta, chokaa hulainika, na vichwa vya boriti vilivyofukiwa humo huoza bila mtu kuona. Mwenye nyumba akipiga lipu ya saruji kuficha madoa, ambalo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi mjini, huufungia unyevu ndani pamoja na chumvi ya bahari. Chokoa kiungo cha ukuta kama huo kwa ncha ya kisu: juu saruji ni ngumu, lakini nyuma yake hutoka unga mweupe wenye majimaji, na jiwe hucheza kwa kidole.

Kwa hiyo kazi ya ukarabati wowote Bagamoyo ianzie juu, kwenye paa na mifereji ya maji, kisha saruji ibanduliwe na ukuta uachwe ukauke kabla ya kupigwa lipu ya chokaa.