Je, wajua kwa nini konsoli kadhaa za michezo ya video husumbuana kwenye TV moja?

TV nyingi huja na matundu matatu au manne ya HDMI, yaani ya kebo inayobeba picha na sauti pamoja, na kabla konsoli hata moja haijafika, king'amuzi kimeshachukua moja na spika jingine. Mwenye PlayStation 5, PS4, Xbox 360 na Nintendo Switch hulazimika kununua swichi ya HDMI, kisanduku kinachounganisha konsoli kadhaa kwenye tundu moja la TV. Anachomeka kila kitu, kisha usumbufu unaanza: skrini nyeusi, maandishi ya "hakuna mawimbi", au picha kuruka yenyewe toka konsoli moja hadi nyingine katikati ya mchezo. Lawama huenda kwa kebo. Mara nyingi kebo haina kosa. Kilichopungua ni umeme mdogo sana unaopita ndani yake.

Plagi ya HDMI ina pini 19. Pini ya 18 hupeleka volti 5 kutoka kwenye konsoli hadi kwenye TV. TV ikiuona umeme huo, hujibu kupitia pini ya 19 kwamba ipo tayari. Hapo konsoli husoma, kupitia pini za 15 na 16, maelezo mafupi ya uwezo wa TV: ukubwa wa picha inayokubali, fremu ngapi kwa sekunde, aina gani za sauti. Unafuata ukaguzi wa HDCP, ule ulinzi wa hakimiliki, kama umewashwa, ndipo picha inapokuja. Hatua moja ikikatika, utabaki na giza ingawa konsoli yenyewe ni nzima.

Sasa, kanuni za HDMI zinaitaka konsoli itoe kwenye pini ya 18 angalau miliampea 55 tu. Kwa volti 5, hiyo ni robo wati na ushei. Swichi isiyo na adapta yake hutegemea umeme huohuo kuendesha chipu yake, taa zake na kipokezi cha rimoti. Kwa picha ya 1080p, yaani HD ya kawaida, inaweza kuvumilia. Ukiiomba ipitishe 4K, yenye nukta mara nne ya hiyo, kwa fremu 60 kwa sekunde, chipu inahitaji zaidi, volti zinashuka, na picha inakatika kila baada ya muda. Ndiyo maana ushauri wetu wa kwanza hauna masharti: chukua swichi yenye adapta, au yenye tundu la USB la kuipa umeme, uichomeke kwenye chaja ya simu ya volti 5. Usiitegemee USB ya TV. TV ikizimwa, USB hiyo nayo huzimika kwenye modeli nyingi, na kila ukiwasha swichi huanza upya huku konsoli ikiwa tayari imekata tamaa ya kupata jibu.

Na hakikisha ni swichi kweli. Spilita inafanana nayo kabisa kwa nje lakini kazi yake ni kinyume: hupokea konsoli moja na kuigawa kwa TV mbili au zaidi.

Kuruka kwa picha nako kuna sababu ileile ya volti 5. Swichi inayojichagulia yenyewe hutazama ni tundu gani limepata umeme hivi punde. Konsoli iliyolala, si kuzimwa, inaweza kuendelea kutoa volti hizo, au kuamka kidogo usiku kupakua masasisho, na swichi ikadhani umeiwasha. Zima uchaguzi wa moja kwa moja ukiweza, utumie kitufe. Halafu kuna HDMI-CEC, njia inayoiwezesha konsoli kuiwasha TV. Mpangilio wake wa asili una anwani tatu tu za vifaa vya kuchezesha picha: 4, 8 na 11. King'amuzi cha mtandao na konsoli mbili zikishazichukua, inayofuata haina pa kukaa. Acha CEC kwenye konsoli unayoitumia zaidi, uizime kwenye nyingine.

Si kila konsoli ipitie kwenye swichi. PS5 na Xbox Series X zinaweza kutoa 4K kwa fremu 120, na kazi hiyo inataka HDMI 2.1, yenye uwezo wa hadi gigabiti 48 kwa sekunde. Swichi ya HDMI 2.0 inaishia 18. Hizo zichomeke moja kwa moja kwenye TV, kwa kebo yake ya asili, kisha fungua mipangilio ya TV na uwashe uwezo kamili wa tundu hilo, kwa maana mara nyingi huja umepunguzwa. Angalia pia maandishi ya eARC, alama ya tundu linalorudisha sauti ya TV kwenye spika: kwenye TV nyingi tundu la spika ndilo hilohilo mojawapo ya machache yenye HDMI 2.1. PS3, Xbox 360 na Nintendo Switch ya kwanza hazivuki 1080p, basi swichi inazitosha kabisa.

Upande wa umeme wa ukutani, hofu kubwa ya watu ni wati, na hesabu inawatoa hofu. PS5 ikicheza hutumia takriban wati 200, PS3 ya kwanza kabisa karibu hivyo, Nintendo Switch chini ya 20. Weka na TV, na hata zote zikiwaka pamoja hufikii wati 1,000. Ekstensheni ya ampea 13 kwenye volti 230 hubeba karibu 3,000. Hatari iko kwingine: soketi iliyolegea, inayopata moto pale plagi inapogusa; ekstensheni kuchomekwa kwenye ekstensheni nyingine; na adapta nene zinazoziba soketi ya jirani mpaka mtu analazimisha. Nunua yenye soketi zilizoachana. Usiizime ukutani wakati PS5 imelala: kukata umeme katika hali hiyo kunaweza kuharibu data.

Konsoli za zamani zinataka macho zaidi. Adapta ya NES hutoa volti 9 za mkondo geu (AC), ilhali Famicom na Mega Drive zinataka mkondo mnyoofu (DC). Mega Drive ya kwanza ina hasi katikati ya plagi, ya pili ina chanya. Soma lebo, kisha bandika jina kwenye kila adapta. Kwa picha, kigeuzi cha bei ya chini cha AV (zile kebo za zamani za rangi) kwenda HDMI huichukulia 240p, picha kamili ya konsoli hizo, kama 480i, picha inayotumwa kwa nusu mbili za mistari, na matokeo ni picha inayomemeteka na kuchelewa nyuma ya vidole vyako.

Skrini ikibaki nyeusi licha ya yote, zima kila kitu, washa TV, kisha swichi, kisha konsoli moja tu. Kwa PS5, ikiwa imezimwa kabisa, shikilia kitufe cha kuwasha mpaka usikie mlio wa pili, chomeka padi kwa waya wa USB, na kwenye menyu itakayotokea chagua kubadili ukubwa wa picha.