Goldifishi Si Samaki wa Unguja, na Mengine Yatakayonipotezea Wateja

Nianze na lile zito: goldifishi hafai kufugwa Unguja. Namzungumzia yule yule mwekundu wa kwenye kibakuli cha kioo, ambaye mzazi humnunulia mtoto akifaulu mtihani wa skuli. Kazi yangu ni kufunga na kuhudumia matangi ya samaki, majumbani na mahotelini, na simu nyingi ninazopigiwa zinamhusu yeye. Karibu zote zinasema jambo moja: "Fundi, samaki wapo juu tu wanatwetea hewa, na maji nimebadilisha yote jana, sasa nifanyeje?"

Wauzaji husema goldifishi ni mgumu, hafi ovyo. Ni kweli. Ndiyo maana huchukua miezi kadhaa kufa pale ambapo samaki mwengine angemaliza kwa siku tatu, na mwenye nyumba akahesabu miezi yote ile kuwa ni maisha.

Asili yake ni China, ambako amefugwa madimbwini kwa miaka elfu na zaidi, na maji anayoyapenda ni ya nyuzi 18 hadi 22. Sasa chukua sebule ya Jang'ombe mwezi wa Februari, kaskazi imekufa, umeme umekatika na feni imesimama. Maji ya tangi yanafika nyuzi 30 bila ya kuwashiwa kitu. Na maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo: lita moja ya maji matamu yenye nyuzi 20 huweza kubeba kama miligramu 9 za oksijeni, ikifika nyuzi 30 hubeba kama 7 na nusu tu. Hapo hapo joto linaukimbiza mwili wa samaki, unataka hewa zaidi, unasaga chakula upesi, unatoa uchafu zaidi. Kibakuli nacho kimebanwa mdomo juu, pale pale ambapo hewa ilitakiwa iingie.

Kuna na ile kauli kwamba samaki hukua kwa kadiri ya tangi lake. Hakui hivyo. Goldifishi aliyetunzwa hupita sentimita 20, na Uingereza alikuwepo mmoja akiitwa Tish, zawadi ya tamasha ya mwaka 1956, akafa 1999. Anayebaki mdogo kwenye kibakuli amedumaa kwa sumu ya maji yake mwenyewe. Sisi tuliosoma chuo cha Kurani tulifundishwa habari ya mwanamke aliyemfunga paka, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutie, akaingia motoni kwa ajili yake. Sijui kwa nini hatuihisabu habari ile tunapofika kwenye kioo.

Sumu ninayoisema ni amonia. Samaki huitoa kupitia matamvua kila anapopumua, na chakula kilichobaki chini huoza kikaongeza nyengine. Baharini au ziwani haina taabu, maji ni mengi. Kwenye tangi inabidi pawepo bakteria wa kuibadili: kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia mpaka siku ya kupunguza maji. Bakteria hao hawauzwi pamoja na samaki. Wanataka wiki nne hadi sita kujijenga kwenye tangi jipya, na wanaishi zaidi ndani ya sponji ya filta na juu ya changarawe.

Hapa Unguja hesabu ni mbaya zaidi kuliko vitabu vya Ulaya vinavyoeleza, kwa sababu ya jiwe tunalolikalia. Sehemu kubwa ya maji yetu hutoka chini ya mawe ya matumbawe, yakapita kwenye chokaa, na kila mwenye birika la chai anaujua ule ukoko mweupe. Nikipima majumbani nakuta pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, karibu na 8. Amonia ina sura mbili: moja haimdhuru sana samaki, ya pili inapenya matamvua na kuunguza. Kwenye maji ya pH 7 na nyuzi 20, ile mbaya haifiki hata nusu asilimia ya amonia yote. Kwenye pH 8 na nyuzi 30 inapita asilimia 7. Kipimo kile kile cha uchafu, ukali wake umezidi zaidi ya mara 15. Kwa hiyo mtu anayefuata maelekezo ya video ya nchi ya baridi, samaki watatu kwa lita 20 hakuna neno, anaua samaki bila kujua.

Maoni yangu ya pili huwaudhi zaidi akina mama wenye nyumba zao, na nawaheshimu: mnasafisha mno. Juzi Bi mkubwa mmoja alinitolea sponji ya filta aliyoisugua kwa sabuni chini ya mfereji mpaka ikawa nyeupe pe, akanionesha kwa fahari. Nikaitia dawa ya kupimia amonia kwenye kijichupa cha maji ya tangi lake. Rangi ilitakiwa ibaki manjano. Ilikwenda kijani mbele ya macho yetu, kijani ya majani ya mgomba. Alikuwa amewaosha bakteria wote, na samaki wanne wakubwa walikuwa wamebaki peke yao na mkojo wao. Sponji nzuri ni ya kahawia, ukiikamua inatoa maji machafu yenye harufu ya udongo. Inakamuliwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye lile lile tangi, mara mbili tatu, inarudi. Maji yenyewe hupunguzwa robo kila wiki na kujazwa mapya yenye joto lile lile. Kama ni maji ya mfereji yenye klorini, yatiwe dawa ya kuiondoa kabla hayajaingia.

Robo ya tangi la lita 300 ni lita 75, karibu madumu manne kila wiki. Mtaa ambao watoto wanabeba madumu kutoka kisimani, sioni tangi la lita 300 lina kazi gani hapo, na nimeshamwambia hivyo mtu aliyekuwa tayari kulipa. Angalau maji yanayotoka yamwagiwe mchicha, yana mbolea ya bure.

Umeme nao. Waliokuwepo kisiwani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulipokaa gizani miezi mitatu kwa hitilafu ya umeme unaotoka bara, hawahitaji kuelezwa. Filta kubwa ya chombo kilichozibwa ikisimama, bakteria waliomo ndani hukosa oksijeni na kuanza kufa, na umeme ukirudi hukurejeshea maji yaliyooza. Mimi hufunga filta ya sponji ya bei ndogo yenye pampu ya hewa ya betri au sola, hata kwa mteja tajiri. Haipendezi kuitazama, inafanya kazi.

Basi tufuge nini? Samaki ambao maji yetu yanawafaa kama yalivyo. Gapi na moli wanapenda maji magumu ya chokaa na joto, na moli huvumilia hata kisima kilichoanza kuingiwa na chumvi. Beta dume, mmoja peke yake kwenye lita 20 zenye kifuniko, huvuta hewa ya juu kwa kiungo chake maalumu na joto letu ndilo analotaka. Halafu kuna sikilidi wa Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ukoo mmoja na perege wetu wa kukaanga. Ziwa Tanganyika lina pH inayokaribia 9. Humo wamo sikilidi wadogo wa urefu wa kidole wanaokaa na kutaga ndani ya makombe matupu ya konokono. Unampa mchanga mlaini na makombe kumi, atakuonesha mambo mchana kutwa: anachimba, anazika kombe mpaka ubakie mdomo wake tu, anamfukuza jirani aliyesogea. Wajerumani na Wamarekani wanalipa pesa nyingi kwa samaki wa Kigoma. Sisi tunaagiza neoni wa Amazon, aliyezaliwa kwa maji laini, kisha tunanunua chupa za dawa ya kulainisha maji. Kila nikiliona hili dukani huwa nacheka peke yangu.

Yule anayeuzwa kwa jina la msafishaji, mwenye mdomo wa kunyonya kioo, msimnunue. Anafika karibu nusu mita, na anachafua kuliko anavyosafisha.

Tangi la maji chumvi silifungi, hata hoteli inipe nini. Samaki wa maji matamu wa madukani wengi wao wamezalishwa mabwawani. Wale wa baharini wengi bado wanavuliwa mwambani, na huko Ufilipino na Indonesia wako wavuvi waliowapulizia sumu ya sayanidi ili walewe washikike, na matumbawe yakafa. Chukua wale wadogo wenye mistari wanaojificha ndani ya anemoni, mnyama wa mwambani mwenye vidole laini vinavyochoma. Kundi zima hukaa kwenye anemoni moja, mkubwa kuliko wote ndiye jike, anayemfuata ni dume lake. Jike akiondoka dume hubadilika akawa jike, na mdogo akapanda cheo. Mvuvi akija kuokota kwa ajili ya kaunta ya hoteli anaokota yule mkubwa anayependeza, yaani mtagaji, na mlinzi wa anemoni kaondoka naye. Mwamba wenyewe ulishapigwa na joto la mwaka 1998 na la 2016, hauna akiba ya kugawa.

Nikisema hivi naambiwa namnyima mgeni starehe. Mgeni amekuja kisiwani, bahari iko hatua mia kutoka mlangoni kwake. Mpeni miwani ya kuogelea. Kisiwa cha Chumbe pale, ng'ambo kidogo tu ya mji, mwamba umefungwa kwa wavuvi tangu miaka ya 1990, na samaki aliyemtaka kwenye kaunta atamwona akiishi. Wanaonitia uchungu zaidi ni watoto wetu wenyewe, waliozaliwa kisiwani na hawajapata kutazama chini ya maji. Siku ya bamvua, maji yakitoka sana, wapelekwe wakachungulie vidimbwi vya mwambani, wakanyage mchanga tu.

Sasa nije kwa samaki ambaye kama ningekuwa na amri angekuwa kwenye nembo ya kisiwa. Jina lake la kitaalamu ni Nothobranchius guentheri. Wafugaji wa nje humwita notho. Aliandikwa kitaalamu mwaka 1893, na kwa asili yake hapatikani kokote duniani ila Unguja. Hazidi sentimita 5 hivi. Dume lina magamba ya bluu ya kijani, kila gamba limezungushiwa ukingo mwekundu, na mkia mwekundu wote. Jike ni la kijivu tu. Anaishi kwenye vidimbwi vya mvua na mabonde yanayokauka. Dimbwi likikauka samaki wote wanakufa, hapana anayenusurika, lakini mayai yamezikwa topeni na yanasubiri. Kiinitete ndani ya yai kinajisimamisha kukua, kinakaa kiangazi kizima kwenye tope lililopasuka, mvua za masika zikishuka yanaanguliwa. Vifaranga hawana muda wa kupoteza; baada ya wiki chache tu nao wanataga. Kwa kuwa maisha yake ni mafupi, watafiti wanamtumia maabara kuchunguza uzee.

Ulaya kuna watu wanaomzalisha vizazi kwa vizazi na kutumiana mayai kwa bahasha, yakiwa ndani ya mboji yenye unyevu. Unguja mtu ukimtajia anadhani unamtania. Najua vidimbwi viwili vitatu anakopatikana na sitavitaja hapa, kwa sababu nawajua wenzangu. Anayetaka kumfuga aje tuanze na mayai ya waliokwisha kufugwa.

Anachotishwa nacho notho, mbali na kufukiwa mabonde kwa nyumba, ni huruma zetu. Mtu anahama, tangi halibebeki, anachukua gapi wake anawamwaga mtaroni, "wakajitafutie riziki". Gapi jike mmoja mwenye mimba anatosha kuanzisha kundi, na anakula vifaranga vya wenziwe. Waliomtia sangara Ziwa Viktoria miaka ya 1950 walikuwa na nia njema, na mamia ya aina za furu, samaki wadogo wa ziwa lile, zikaangamia au zikakaribia. Florida nako alionekana miaka ya 1980 samaki mwenye miiba ya sumu ambaye kwao ni miamba kama yetu, inaaminika alitoka kwenye matangi ya watu, na leo ametapakaa Karibiani yote. Samaki wa tangi hamwagwi, si mtaroni, si kisimani, si baharini. Mpe mtu, mrudishe dukani, nipigie mimi.

Na akiwa mgonjwa asiyepona, tumbo limevimba na magamba yamesimama, hali chakula tena, basi auliwe, na auliwe vizuri. Hili ndilo lililonitukanisha zaidi. Kumwacha afe kidogo kidogo kwa wiki mbili watu wanakuita subira, kumtupa chooni akiwa hai wanakuita usafi. Dawa yake tunayo hapa hapa, mafuta ya karafuu, ambayo wafugaji wa nje wanayanunua kwa chupa ndogo ndogo na sisi tunayapaka jino. Ndani yake mna eujenoli, inayomlaza samaki usingizi. Tia maji ya tangi lita moja kwenye bakuli, umweke samaki. Chukua kijichupa cha maji ya uvuguvugu, dondosha tone moja la mafuta, funga, tikisa kwa nguvu mpaka yawe meupe, kwa kuwa mafuta hayachanganyiki yenyewe, kisha mimina polepole mbali na kichwa chake. Baada ya dakika chache ataegemea ubavu. Hapo tikisa matone mengine kumi namna ile ile, uongeze. Matamvua yakisimama usiharakie kumtoa: mwache nusu saa nzima, maana kwa kipimo kidogo huwa anazinduka. Mzike chini ya mti, maji yamwage nchi kavu, na bakuli lile lisirudi jikoni.